Visanduku Hamsini na Sita

Alhamisi, 6 Machi

Muuguzi anayetufundisha amempa kila mmoja wetu daftari, akasema tuandike mpaka wiki nane ziishe, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni kusema leo sina la kuandika. Nikamwambia nyumbani nina madaftari kumi na moja, yote yameandikwa kurasa tatu za mwanzo tu. Hakucheka. Alisema, "Basi hili anza kuliandika katikati." Nimelifungua katikati. Ndipo hapa.

Darasa letu ni chumba cha mazoezi ya viungo, nyuma ya hospitali. Kuna mipira mikubwa, vyuma vya kujifunzia kutembea, na mifupa ya plastiki imening'inizwa pembeni, mtu amewahi kuivisha kofia na hakuna aliyeivua. Tuko wanane. Barua ilisema tufike saa nane na nusu. Tulifika karibu wote saa tisa kasoro dakika moja, tunahema. Muuguzi akatazama saa yake akasema, "Vizuri. Kipindi kilikuwa kinaanza saa tisa."

Nina miaka arobaini na moja. Mwezi wa kwanza daktari aliniambia nina ADHD, yaani upungufu wa umakini na utulivu, na kwamba ninao tangu utoto. Kumbe. Miaka yote hiyo kitu hichohicho nilikijua kwa majina mengine: mzembe, kichwa wazi, hajali. Kaka yangu alikuwa akiniita Baadaye, kwa sababu ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila nilichotumwa.

Kazi yangu ni kusaga lenzi kwenye karakana ya miwani. Watu wakisikia hushangaa, wakiniuliza ninawezaje kazi ya vipimo. Pale kwenye mashine sisahau kitu. Ninachosahau ni dunia nzima iliyo nje ya mashine.

Katika wenzangu nimewashika wawili. Mwalimu mstaafu, shati limepigwa pasi mpaka linataka kukata, na fundi umeme wa miaka thelathini na kitu ambaye hakumwacha mtu hata mmoja amalize sentensi. Huyu Fundi atanishinda.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua zimeanza. Nimekimbia kuanua nguo za jirani. Zangu nimeziacha kambani.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Muuguzi alituambia tufumbe macho, na kila mtu anyooshe mkono akidhani dakika mbili zimepita. Fundi alinyoosha baada ya sekunde arobaini. Mimi nilisikia watu wakicheka, nikafumbua macho, nikakuta zimepita dakika nne na wote wananisubiri.

"Mnaona?" Muuguzi alisema. "Hakuna aliyefanya makusudi. Hamkujaliwa saa ya ndani. Asiye na saa ya ndani anatafuta ya nje. Hakai akijilaumu kwa nini hana."

Niliyaandika maneno hayo kwenye kiganja, kisha nikanawa mikono. Nimejaribu kuyakumbuka hapa.

Jumapili, 16 Machi

Kaka amekuja, na mwavuli wake ule mrefu. Kaka ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kuzunguka kwenye mabucha na maghala na mawe yake ya shaba, akikuta mzani umedanganya hata gramu tano anaufunga palepale. Hata sebuleni kwangu anakaa kama amekuja kukagua.

"Wifi yako ameitwa kwa binti yetu," alisema. "Amejifungua, anahitaji mtu. Na mimi natumwa wilaya za juu, wiki tatu. Mama hawezi kubaki peke yake."

"Mlete kwangu."

Alitazama dari. "Nimewauliza watu wengine kwanza. Sitakuficha. Hakuna aliyepatikana."

Angekuwa mtu mwingine ningemwonyesha mlango, lakini alikuwa na haki yake, na ni lazima niandike kwa nini.

Miaka mitatu iliyopita mama alikuwa akiishi na mimi. Ana presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula uoni kutoka pembeni polepole kama panya anavyokula gunia, mpaka siku unashika gunia unakuta halina kitu. Dawa yake ni matone: moja asubuhi, moja jioni, kila siku ya Mungu. Kumtia ilikuwa juu yangu. Nilisahau. Si kila siku. Labda mara mbili kwa wiki, labda nne. Sijui ni ngapi, na huko kutojua ndiko kunakonila mpaka leo. Tulipompeleka kupimwa, jicho la kulia lilikuwa limekwisha kwenda. Kaka aliniambia pale kwenye korido, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umemtoboa mama jicho." Jioni ile akaja na gari akamchukua.

Mimi ninayewatengenezea watu miwani.

Leo akiondoka alisimama mlangoni akifungua mwavuli. "Limebaki moja," alisema. Kana kwamba sijui kuhesabu mpaka moja.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemweleza Muuguzi habari ya mama mbele ya wote, kwa kifupi, bila kutaja jicho lililopotea. Nilisema tu mama anakuja, kuna dawa. Tukatengeneza karatasi pamoja: safu ya asubuhi, safu ya jioni, wiki tatu, visanduku arobaini na viwili. Ibandikwe ukutani pale mama anapokaa, kwa kimo cha macho yangu. Chupa ya dawa isikae kabatini, ikae kwenye kikombe changu cha chai. Fundi ndiye aliyetoa wazo hilo, akimkatiza mtu kama kawaida. "Huwezi kunywa chai bila kuitoa chupa," alisema, "na chai huwezi kuisahau, au unaweza?" Chai siwezi kuisahau.

"Jambo moja," Muuguzi alisema. "Alama inakuja baada ya tendo. Usitie alama kwa sababu unakusudia. Kusudi halimponyi mtu."

Jumamosi, 22 Machi

Mama amefika na sanduku moja na redio yake. Kaka aliangalia karatasi ukutani, akaisoma kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Tutaona," akaenda.

Mama anaona kwa jicho la kushoto kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Amezunguka nyumba akigusa kila kitu, akafika kwenye kochi akasema, "Hili nalikumbuka. Bado lina lile shimo." Zamani alikuwa mpokea simu kwenye kampuni kubwa, enzi za kuchomeka waya kwenye ubao, na mpaka leo mtu akisema neno moja tu anajua kama ana homa, ana njaa au anadanganya.

Jioni nimemtia tone. Kisanduku cha kwanza.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi, jioni. Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi, jioni. Kikombe kinafanya kazi. Mama anasema chai yangu sasa ina ladha ya hospitali.

Alhamisi, 27 Machi

Leo imekuwa siku nzito darasani, na nataka kuiandika kabla haijanitoka.

Mada ilikuwa aibu. Muuguzi alisema, "Aibu haimkumbushi mtu kitu. Ingekuwa inakumbusha, ninyi mngekuwa hamsahau chochote duniani." Watu wakacheka, lakini Mwalimu hakucheka. Alinyoosha mkono, akasimama kabisa, mikono nyuma, kama yuko mbele ya shule.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," alisema. "Nilikuwa na kanuni moja. Mtoto akisahau daftari, anasimama nje mpaka kipindi kiishe. Akirudia, fimbo tatu. Na mimi mwenyewe kila asubuhi mke wangu ndiye aliyenipangia mkoba, akanitia funguo mfukoni, akaniandikia vipindi vyangu kwenye karatasi. Alipofariki ndipo ikajulikana kwamba peke yangu siwezi kufika popote. Tangu daktari aniambie nina nini, nawafikiria wale watoto. Siku zote niliamini walikuwa wavivu."

Mvua ilikuwa inapiga bati, tukawa tunainama ili tumsikie. Mtu wa kwanza kusema alikuwa Fundi, na kwa mara ya kwanza alikuwa amengoja sentensi iishe.

"Walikuwa wangapi?"

"Sijui. Sikuwahesabu."

"Mimi darasa la sita nilisimama nje mwaka mzima. Kila kipindi cha hesabu. Mvua ikinyesha, nasimama chini ya dirisha nasikiliza wenzangu wakijibu. Mpaka leo sijui kugawanya bila simu."

"Sikukufundisha wewe, mwanangu."

"Usiniite mwanangu, mzee."

Akachukua mkoba wake wa zana, akatoka kwenye mvua. Mwalimu alibaki amesimama. Muuguzi akamwambia kwa upole akae, na hata hivyo ilichukua muda kabla hajakaa.

Nilirudi nyumbani nikimwazia Mwalimu. Hakulazimishwa kusema. Angeweza kunyamaza mpaka wiki nane zikaisha, na sisi sote tungemwona mzee wa heshima, msafi.

Jumatatu, 31 Machi

Asubuhi, jioni. Mama anaimba na redio. Siku tisa sasa. Nimeanza kutembea kichwa juu.

Alhamisi, 3 Aprili

Jana karakana ilipata kazi ya haraka, lenzi za mtoto mwenye macho mabovu sana, nene, zenye mpindo ambao mashine yetu huukataa. Bosi alisema niache, tutaagiza. Nikasema naweza. Na niliweza. Nilipoinua kichwa wenzangu walikuwa wameondoka, nikaja nyumbani nimejaa furaha, mama amekwisha kulala, nami nikalala.

Leo asubuhi nimesimama mbele ya karatasi na kikombe mkononi. Kisanduku cha jana jioni kilikuwa kitupu.

Mama alikuwa kwenye kochi, uso ameuelekeza dirishani. Nikachukua kalamu nikatia alama. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kisha nikamtia tone la asubuhi, nikatia alama ya pili, ya kweli, kando ya ile ya uongo, na zilikuwa zinafanana kabisa.

Sikwenda darasani. Nimemtumia Muuguzi ujumbe kwamba barabara imejaa maji. Imejaa maji kweli, lakini si barabara ninayopita.

Jumapili, 6 Aprili

Jana jioni tena. Tena alama. Hii ya pili nimeitia huku nikipuliza chai.

Jumatano, 9 Aprili

Nimebuni ujanja wa kipumbavu. Ili nisione tena kisanduku kitupu asubuhi, jana nilitia alama mbili kwa pamoja wakati wa chai, ya asubuhi na ya jioni, nikajiambia jioni nitakumbuka tu. Sasa nimekaa hapa sijui kama jana jioni nilimtia au sikumtia. Alama ipo. Kichwani hakuna kitu. Naikumbuka chupa mkononi, lakini chupa nimeishika jioni nyingi, na zote zina sura moja. Sasa karatasi inanidanganya mimi mwenyewe.

Kaka amepiga simu. Mto umekata barabara huko juu, atachelewa wiki nzima. Akauliza, "Dawa?"

"Inaenda."

"Hujaruka?"

"Karatasi imejaa mpaka leo," nikasema. Karatasi imejaa, hilo si uongo.

Mama alikuwa kando yangu akimenya karanga. Alisimamisha mikono kidogo, kisha akaendelea.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda darasani kwa sababu kubaki nyumbani na ile karatasi kulikuwa vibaya zaidi. Nilidhani nitamkuta Mwalimu hayupo. Nilimkuta yupo, na kando yake amekaa Fundi. Wakati wa mapumziko Fundi akanieleza, kwa mara moja bila kupumua. Mwalimu alimwomba Muuguzi amfikishie salamu, Fundi akajibu kama anataka kuonana naye aje kwenye jengo analofanyia kazi. Mzee akaja. Alipotea, akaingia majengo mawili yasiyo yenyewe, na katika la pili walimpa kofia ya ujenzi wakidhani ni mkaguzi. Alipofika alikuwa ameloa mpaka soksi, na yale yote aliyoyapanga kusema yalikuwa yamemtoka.

"Akasema tu samahani," Fundi aliniambia. "Basi. Nikampa ndoo akakalia. Sijamsamehe bado, dada. Lakini mtu mzima akipotea majengo mawili kuja kukuomba msamaha, huwezi kumwambia rudi."

Muuguzi aliuliza kila mtu mambo yake yanaendaje. Nilipofikiwa nikasema, "Naendelea vizuri." Fundi alinitazama. Nilijua anajua, kwa sababu sentensi yangu niliimaliza haraka mno.

Ijumaa, 11 Aprili

Nataka kuyaandika haya kwa mpangilio. Ilikuwa asubuhi kabla ya kazi. Nilitoa chupa kikombeni nikamwendea mama. Aliinua uso kama kawaida, lakini nilipokaribia akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, wewe siku hizi unatia dawa au unatia alama?"

Niligeuka nikaitazama karatasi ukutani.

"Kalamu yako ina mlio," alisema. "Hilo jicho ulilokuwa unanitia, mimi ndiye mwenye jicho. Jumatano ile ulichelewa kazini hukunitia. Jumamosi iliyofuata hukunitia. Asubuhi zake nikasikia kalamu mara mbili."

"Na Jumanne hii?"

"Jumanne nilisinzia mapema. Hiyo sijui."

Nilikaa sakafuni. Nikamwambia yote, mpaka ujumbe wa barabara iliyojaa maji. Nililia kidogo. Mama alinisubiri. Kisha akasema jambo ambalo tangu asubuhi nalirudia kichwani.

"Na mimi nina langu. Ile dawa ya kwanza, ya miaka ile, ilikuwa inaunguza kama pilipili. Siku ukisahau, nilikuwa nafurahi. Nasikia mlango unafungwa, umekwenda kazini, najisemea leo nimepona. Kuna siku ulikuja na chupa na mimi nikakwambia umekwisha kunitia. Ukaniamini, kwa sababu wewe kichwa chako hukiamini."

"Mara ngapi, mama?"

"Nyingi."

"Na siku Kaka aliponiambia yale, kwenye korido?"

"Nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi. Nilisikia." Alilaza mikono mapajani. "Nikasema moyoni, nikitamka kwamba ni mimi, hawa watoto wataniona nimekuwa mtoto, hawataniachia tena hata kijiko. Nikakuachia wewe mzigo. Wewe ulikuwa umezoea kulaumiwa."

Siku zote niliamini kwamba nikiambiwa si kosa langu, nitaona nafuu. Sikuona nafuu. Nilimkasirikia hata meno yakaniuma. Miaka mitatu nimepita mbele ya nyumba ya Kaka bila kuingia. Miaka mitatu kila lenzi niliyosaga nilimwona yeye. Nilisimama nikachukua mkoba wangu nikaenda mpaka mlangoni.

Pale mlangoni nikakumbuka sijamtia dawa.

Nikarudi. Aliinua uso, nikamtia, akafumba jicho, tone moja likamtoka shavuni nikalifuta na kidole. Nikatia alama. Nikaenda kazini nikiwa bado na hasira, na niliharibu lenzi mbili, na Bosi akaniambia nikapumzike nje kidogo nitazame mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwangua alama tatu kwa wembe. Ya tarehe mbili tupu. Ya tarehe tano tupu. Ya tarehe nane nimeweka alama ya kuuliza. Nimebandika karatasi ya pili chini yake, visanduku kumi na vinne vya wiki aliyochelewa Kaka. Jumla hamsini na sita.

Hasira imepungua, haijaisha. Nimekuwa nikilifikiria jambo lenyewe kwa pande zote. Mama alinificha, ni kweli. Lakini zile siku nilizosahau mimi, nilizisahau mimi, hata kama yeye alizifurahia. Hakuna mzani wa kutuambia nani alimaliza lile jicho kwa kiasi gani. Huenda lingekwenda hata tungeshika dawa siku zote, daktari aliwahi kusema hivyo na hatukumsikiliza.

Mchana nilimuuliza kama dawa ya sasa inaunguza. Akasema haina shida, ni kama maji. "Ungeniambia kwamba ile ya zamani inaunguza," nikasema, "ungebadilishiwa siku ileile." Akajibu, "Mficha uchi hazai. Naijua methali hiyo tangu kabla hujazaliwa. Kuijua ni rahisi."

Jumatano, 16 Aprili

Jana jioni nimesahau tena. Safari hii nimekiacha kitupu. Nilimwambia mama wakati wa chai, akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja nione." Tumekubaliana kuanzia leo yeye pia ana kazi: taarifa ya habari ya jioni ikianza kwenye redio na bado sijaja, anaita. Nikamuuliza kwa nini hakuwa anaita siku zote hizi. "Hukuniomba," akasema.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimewaambia darasani. Kila kitu, na jicho la kulia, na kalamu, na wembe. Sikusimama kama Mwalimu, nilisema nikiwa nimekaa, nikitazama ile mifupa yenye kofia. Nilipomaliza hakuna aliyenipa pole, na nilishukuru. Muuguzi aliuliza tu kikombe bado kinafanya kazi asubuhi. Nikasema asubuhi sijawahi kukosa hata moja. "Basi tatizo lako ni jioni," alisema. "Siyo wewe. Ni jioni." Fundi akadakia kwamba atakuja kuniwekea taa ya kuwaka yenyewe saa kumi na mbili juu ya kochi, kisha akajisikia amekatiza, akafunga mdomo kwa mkono.

Nikamwambia aje. Mwezi uliopita nilikuwa nahesabu dakika anyamaze.

Mwalimu ana anwani za wanafunzi wake wawili wa zamani. Mmoja amekataa kuonana naye. Wa pili amekubali, na Fundi atampeleka, kwa sababu mzee anaogopa atapotea.

Jumamosi, 19 Aprili

Kaka alifika kabla ya saa sita mchana, matope mpaka magotini. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri, na maneno yangu nilikuwa nimeyaandika kwenye kipande cha karatasi, ila kipande nilikuwa nimekipoteza. Nikamwacha asome.

Alisoma kama anavyosoma mizani, kidole juu ya kila kisanduku. Akafika mwisho.

"Tatu tupu," alisema.

"Tatu. Na moja sijui."

"Uliniambia imejaa."

"Nilikuwa nimeijaza kwa uongo. Nimefuta. Hiyo unayoiona ndiyo kweli."

Akanigeukia. Niliuona uso wa korido ile ukirudi, na mama naye aliusikia, sijui vipi, kwa sababu alisema kutoka kwenye kochi, "Njoo ukae hapa, baba. Nina neno na wewe la miaka mitatu."

Alimweleza. Hakupunguza kitu. Kaka alikaa ukingoni mwa kochi, mikono kati ya magoti, matope yakimkaukia. Mama alipomaliza, Kaka akamgeukia.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza mama.

"Ungeniweka chini ya ulinzi."

Karibu acheke, kisha hakucheka. Alitazama tena ukutani.

"Mimi kwangu hakuna karatasi," alisema. Alikuwa anasema na mimi sasa. "Wifi yako ndiye anayemtia. Sijawahi kumuuliza. Miaka mitatu, nakagua mizani ya watu hata nisiowajua, na hili sijauliza hata siku moja. Inawezekana ni tatu. Inawezekana ni thelathini."

"Kamuulize bila kumgombeza," nikasema. "Ukimgombeza atakwambia hajaruka hata moja."

"Neno nililokwambia siku ile pale hospitali," alianza, akakwama. Kaka yangu hajui kuomba msamaha, hakujifunza, sisi wengine tulikuwa tunamwomba yeye. "Lile neno halikuwa kipimo sahihi," alisema hatimaye. Nikalipokea hivyohivyo. Kwa mkaguzi, sidhani kama lipo neno kubwa kuliko hilo.

Jumatano, 23 Aprili

Kliniki ya macho, sote watatu. Daktari alipima jicho la kushoto mara mbili. Presha imesimama palepale ilipokuwa miezi sita iliyopita, na uoni haujapungua. Akauliza kama kuna siku dawa ilirukwa mwezi huu.

"Tatu na nusu," mama alijibu.

Daktari aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi. "Tangu asubuhi nimeona watu ishirini," alisema, "na wote wameniambia hawajaruka hata siku moja." Akaiandika ile tatu na nusu.

Alhamisi, 24 Aprili

Kipindi cha mwisho. Muuguzi hakutupa vyeti, alisema tungevipoteza. Alituuliza tutaendeleaje bila yeye, tukakubaliana kukutana wenyewe mara moja kwa mwezi, na Mwalimu akachaguliwa kutukumbusha siku, jambo lililowachekesha wote, yeye akiwa wa kwanza. Jumapili alionana na yule mwanafunzi wake. Alikuwa ameandaa hotuba. Yule mtu, ambaye sasa ana ndevu na watoto wanne, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hakumbuki kabisa kusimamishwa nje, anakumbuka tu kwamba alikuwa anaogopa mvua. "Sijui nilibebe vipi hilo," Mwalimu alisema. Fundi alimwekea mkono begani, wakakaa hivyo.

Wifi anarudi wiki ijayo. Kaka alimuuliza mama lini aje amchukue. Mama akasema yeye siyo mfuko wa sukari wa kuhamishwahamishwa, atakaa kwangu mpaka achoke, na akichoka atapiga simu mwenyewe.

Jioni hii nimefika nyumbani mapema, mvua imekatika, nje kunanuka udongo. Taa ya Fundi imewaka juu ya kochi. Nimechukua chupa nikamwendea mama. Alikuwa ananisimulia habari za zamani kazini, mteja mmoja aliyepiga simu kila siku kuuliza saa tu, apate kuisikia sauti yake.

"Inua uso, mama."

"Ngoja kwanza nimalize," alisema.

Nimesimama na chupa mkononi mpaka hadithi ikaisha. Kisha nimemtia, na baada ya kumtia nimetia alama.